Danieli katika Shule ya Wakaldayo

Somo la 5

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Danieli 1, Kumbukumbu la Torati 18:9–14, Yeremia 25:1, 2 Wafalme 25:27–30, Danieli 5, Danieli 9:1–3.

Fungu la Kukariri: Danieli 1:17. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila siku ya juma hili, mpaka uweze kulisema bila kutazama.

Mzazi anapompeleka mtoto wake chuo cha mbali, swali moja humkaa moyoni: Je, atarudi na imani aliyoondoka nayo? Wazazi wa Danieli hawakupata hata nafasi ya kuliuliza. Mtoto wao alichukuliwa mateka mwaka 605 K.K., akaandikishwa katika shule ya mfalme aliyelihusuru jiji lao. Alipewa jina lenye sifa ya mungu wa kigeni, chakula cha meza ya kigeni, na vitabu vya watu waliokuwa na miungu mingi.

Alikataa chakula. Vitabu alivisoma, na akavijua kuliko wenzake wote.

Juma hili darasa litatazama masomo hayo ya Danieli: lugha, maandishi na historia ya ulimwengu wa kale. Litauliza pia elimu kama hiyo inamsaidiaje leo mtu anayesoma Biblia, na mahali gani msaada wake unakoma.

Jifunze somo hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Alichokataa na Alichokubali

Soma Danieli 1:3–8. Danieli alikataa nini? Ni nini ambacho hakukikataa?

Masomo aliyowekewa Danieli yalikuwa mazito. Wababeli waliandika kwa kalamu ya tete juu ya udongo mbichi, wakitumia alama zenye umbo la kabari. Alama hizo zilikuwa mamia kadhaa, na alama moja iliweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja. Lugha ya vitabu vyao vingi ilikuwa Kiakadi. Nyuma yake kulikuwa na Kisumeri, lugha ambayo wakati wa Danieli ilikuwa imekwisha kutoweka vinywani mwa watu kwa zaidi ya miaka elfu moja, lakini wanafunzi waliendelea kuinakili. Sokoni na katika ofisi za serikali, watu wa mataifa mbalimbali walielewana kwa Kiaramu.

Na vitabu vyenyewe vilisema nini? Vilikuwa na orodha za maneno, mithali, hesabu na kumbukumbu za wafalme. Vilikuwa pia na nyimbo za kumsifu Marduki, na vitabu vya kutabiri mambo kwa kutazama anga. Kitabu kimoja cha namna hiyo kilikuwa na mabamba ya udongo yapatayo 70.

Soma Kumbukumbu la Torati 18:9–14. Kijana aliyelelewa katika torati hii alijisikiaje alipowekewa vitabu hivyo mbele yake?

Biblia haituelezi hisia zake, ila inatuonyesha maisha yake. Danieli aliyajua mambo ya waganga na wanajimu, lakini hakuna mahali anapoonekana akitazama nyota ili kupata jibu. Mfalme alipodai siri ya ndoto yake, Danieli aliwaita rafiki zake watatu wakaomba (Danieli 2:17, 18). Kukijua kitabu ni jambo moja, na kukisujudia ni jambo jingine. Mstari kati ya hayo mawili aliuchora mapema, moyoni mwake, kabla darasa la kwanza halijaanza (Danieli 1:8).

Ni masomo gani leo yanayowatia hofu wazazi wa kanisani kwako? Kijana anahitaji kuamua nini kabla ya kuondoka nyumbani?

JUMATATU
Neno Moja, Mara Tatu

Soma Danieli 1:2, 9, 17. Ni nani anayetenda katika kila fungu?

Msomaji wa Kiebrania akiifungua sura hii anakutana na jambo ambalo katika tafsiri si rahisi kuliona. Kitenzi kimoja, natan, yaani “kutoa” au “kupa,” kinatumika mara tatu mtendaji akiwa Mungu. Katika fungu la 2 Bwana anamtoa Yehoyakimu mkononi mwa Nebukadreza. Katika fungu la 9 Mungu anampa Danieli kibali mbele ya mkuu wa matowashi. Katika fungu la 17 Mungu anawapa vijana wanne maarifa.

Kwa hiyo mkono uliolitoa jiji ni uleule uliotoa kibali na uleule uliotoa elimu. Nebukadreza alidhani ndiye anayepanga mtaala. Sura nzima inasema kimyakimya kwamba juu yake kulikuwa na Mwalimu mwingine.

Kuna neno la pili. Katika fungu la 4 mfalme anaagiza vijana wafundishwe sefer na lugha ya Wakaldayo. Sefer ni maandishi, ni kitabu. Neno hilohilo linarudi katika fungu la 17, pale Mungu anapowapa vijana ujuzi. Lile ambalo mfalme aliliagiza kwa faida ya kiti chake cha enzi, Mungu alilitoa kama zawadi kwa kusudi lake. Danieli hakufaulu mitihani Mungu akiwa ameangalia pembeni.

Hakuna anayehitaji Kiebrania ili aokolewe. Lakini kila anayesoma Biblia kwa Kiswahili anakula matunda ya shamba ambalo wengine walililima. Biblia nzima ya tafsiri ya Union ilitoka mwaka 1952, na kabla yake watafsiri wa Mombasa na Unguja walikuwa wamefanya kazi tangu karne ya 19. Tafsiri hutaka watu wa kukaa na lugha za kale kwa miaka mingi, na wenyeji wenye masikio makali ya kuwaambia, “Hapana, sisi hatusemi hivyo.”

JUMANNE
Mwaka wa Tatu au wa Nne?

Soma Danieli 1:1, kisha Yeremia 25:1 na 46:2. Kuna tofauti gani ya miaka?

Danieli anasema Nebukadreza alikuja katika mwaka wa tatu wa Yehoyakimu. Yeremia anasema mwaka wa kwanza wa Nebukadreza ulikuwa mwaka wa nne wa Yehoyakimu. Wengi wamelitumia jambo hili kusema kwamba mwandishi wa Danieli alikosea.

Historia inatufundisha tuulize kwanza: watu wa kale walihesabuje miaka? Huko Babeli, miezi aliyotawala mfalme mpya kabla ya mwaka mpya kuingia iliitwa mwaka wa kutawazwa kwake, na haikuhesabiwa. Mwaka wake wa kwanza ulianza na mwaka mpya. Mahali pengine miezi hiyo ilihesabiwa moja kwa moja kuwa mwaka wa kwanza. Zaidi ya hayo, wengine walianza mwaka katika majira ya kuchipua, na wengine katika majira ya vuli. Mtu akizifahamu hesabu hizi, mwaka wa tatu wa Danieli na mwaka wa nne wa Yeremia vinaweza kuwa mwaka mmoja, yaani 605 K.K.

Msemaji wa Kiswahili halioni hili kuwa geni. Mzee wa kanisa akitangaza kwamba ibada itaanza saa mbili asubuhi, na saa ya mgeni ikaonyesha nane, hakuna aliyesema uongo. Mmoja anahesabu tangu jua linapochomoza, mwingine tangu usiku wa manane. Asiyejua hesabu hizo mbili ndiye atakayewagombanisha.

Edwin Thiele, Mwadventista aliyewahi kuwa mmisionari huko China, alitumia miaka mingi kuchunguza tarakimu za wafalme wa Israeli na Yuda. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1951 kilionyesha kwamba nyingi kati ya tarakimu zilizodhaniwa kupingana zinapatana, pale msomaji anapozifuata kwa hesabu ya wale walioziandika. Wasomi wasio wa kanisa lake nao waliitumia kazi hiyo.

Unapokutana na fungu linaloonekana kupingana na jingine, huwa unafanya nini kwanza?

JUMATANO
Majina Katika Udongo

Soma 2 Wafalme 25:27–30 na Danieli 5:1, 7, 16, 29.

Kwa karne nyingi hakuna mtu duniani aliyeweza kusoma mabamba ya Babeli na Ashuru. Katika karne ya 19 wasomi walianza kudai kwamba wameyafumbua, lakini wengi hawakuwaamini. Mwaka 1857, huko London, wasomi wanne walipewa maandishi yaleyale ya mfalme wa Ashuru, kila mmoja akayatafsiri peke yake na kuleta kazi yake ikiwa imefungwa kwa lakiri. Bahasha zilipofunguliwa, tafsiri zao zilifanana katika mambo makuu. Mlango ulikuwa umefunguka.

Kupitia mlango huo wakatoka watu wa Biblia. Katika magofu ya Babeli, yaliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1899 na 1917, yalipatikana mabamba ya ghala ya mfalme. Yaliposomwa na kuchapishwa mwaka 1939, yalionyesha mgao wa mafuta kwa Yekonia mfalme wa Yuda na wana wake watano. Karani wa ghala hakuwa na nia ya kuithibitisha Biblia. Alikuwa akihesabu mafuta.

Tazama pia Belshaza. Orodha za wafalme walizoziacha waandishi wa Kiyunani zilimtaja Nabonidus kuwa mfalme wa mwisho wa Babeli, na wako wasomi waliosema Belshaza ni mtu wa kubuniwa. Mwaka 1854 ikapatikana huko Uru sala ya Nabonidus iliyoandikwa juu ya udongo, akimwombea Belshaza, mwanawe wa kwanza. Baadaye maandishi mengine yalionyesha kwamba Nabonidus alikaa miaka kama kumi huko Tema, Arabuni, akimwachia mwanawe mamlaka nyumbani. Sasa ahadi ya Belshaza inaeleweka vizuri zaidi: kama baba alikuwa wa kwanza na mwana wa pili, nafasi kubwa iliyobaki ilikuwa ya tatu.

Hata hivyo, somo hili lazima lisemwe kwa uaminifu. Kuhusu Dario Mmedi (Danieli 5:31), wasomi wanaoiamini Biblia wametoa maelezo zaidi ya moja, nao hawajakubaliana. Anayejenga imani yake juu ya mabamba ya udongo atafurahi pale bamba linapopatikana na kuyumba pale lisipopatikana. Danieli aliamini kabla hajaonyeshwa lolote. Uchimbaji wa kale ni shahidi mzuri barazani, lakini si msingi wa nyumba.

Darasa lingemjibuje kijana anayesema, “Nitaamini kitabu cha Danieli siku kila jina litakapopatikana”?

ALHAMISI
Mzee Aliyekuwa Bado Mwanafunzi

Soma Danieli 5:5–8, 25–28. Kwa nini wenye hekima wa Babeli walishindwa?

Katika Kiaramu, maneno yale ya ukutani yanasikika kama majina ya vipimo vya fedha: mina, shekeli, na sehemu yake. Ni kama mtu aandike ukutani mwa ikulu, “Kilo, kilo, gramu, nusu.” Danieli alisikia mizizi ya maneno hayo: hesabu, pima, gawanya. Katika neno la mwisho, peresi, alisikia pia jina la Waajemi. Usiku uleule, mwezi Oktoba mwaka 539 K.K., utawala uliondoka mikononi mwa Wababeli.

Danieli alikuwa na sikio la lugha, alijua historia ya Nebukadreza na akamkumbusha Belshaza jinsi mfalme huyo alivyonyenyekezwa (Danieli 5:18–22). Lakini wenye hekima wengine nao walijua Kiaramu. Walisoma shule ileile. Walichokosa hakikufundishwa darasani. Elimu ilimpa Danieli maneno, na Roho wa Mungu akampa ujumbe. Na ujumbe ulihitaji ujasiri, maana ulikuwa wa hukumu, na aliyehukumiwa alikuwa ameketi mbele yake na kikombe mkononi.

Soma Danieli 9:1–3. Danieli alikuwa akifanya nini?

Miaka zaidi ya 60 ilikuwa imepita tangu alipotoka Yerusalemu. Wafalme aliowatumikia walikuwa wamekufa. Mzee huyu, aliyepewa maono na malaika, ameketi na vitabu, akisoma Yeremia na kuhesabu miaka 70. Kusoma kulimpeleka kwenye kuomba. Hakumaliza kujifunza akawa mwalimu. Alizeeka akiwa mwanafunzi. Kipimo cha elimu yoyote ya mtu wa Mungu ni hicho: je, inamfikisha magotini?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Kitabu cha Danieli chenyewe kimeandikwa kwa lugha mbili. Kinaanza kwa Kiebrania, kinaingia Kiaramu katika 2:4 mpaka mwisho wa sura ya 7, kisha kinarudi Kiebrania. Lugha aliyoijua katika nchi ya uhamisho imo sasa ndani ya Maandiko Matakatifu. Katika lugha hiyo ya mataifa yamo maungamo ya Nebukadreza, mfalme aliyedhani anamgeuza Danieli kuwa Mbabeli.

Si kila mshiriki atasoma Kiebrania. Kila mshiriki anaweza kusoma polepole na kuuliza: Nani anasema? Anasema na nani? Wakati gani? Neno hili limerudi mara ngapi? Na kila kanisa linaweza kumwombea kijana wake aliye chuoni kwa jina, kumwandikia, na kumpokea na maswali yake anaporudi likizo.

Maswali ya Kujadili:

1. Danieli aliweka mpaka kwenye chakula na hakuweka kwenye vitabu. Je, mpaka wa kila Mkristo lazima uwe mahali palepale? Tumia Maandiko kueleza.

2. Ni hatari ipi kubwa zaidi kanisani kwenu leo: elimu isiyo na sala, au bidii isiyotaka kujifunza? Zote mbili zinatibiwaje?

3. Tukisema elimu ya Danieli ilitoka kwa Mungu, tuseme nini juu ya saa alizokesha akinakili alama juu ya udongo?

4. Taja vijana wa kanisa lenu walioko masomoni. Mara ya mwisho darasa lenu liliwatafuta lini? Kabla ya kuomba sala ya kufunga, mpangeni nani atamtafuta nani juma hili.