Dondoo muhimu: Ruta yako ya nyumbani

Waifai si intaneti. Waifai ni mawimbi kati ya simu yako na ruta. Intaneti huingia nyumbani kupitia faiba, waya wa simu au kadi ya SIM. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha Waifai imejaa na ukurasa usifunguke. Kabla ya kumwita fundi, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo. Kwa kebo mambo yakienda vizuri, tatizo liko kwenye Waifai. Yakigoma pia, zima ruta uiwashe tena, kisha mpigie mtoa huduma.

Weka ruta katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na maikrowevu. Masafa ya 2.4 GHz hufika mbali, lakini husongamana, hasa kwenye majengo ya ghorofa. 5 GHz yana kasi zaidi ila ukuta wa zege huyadhoofisha. Televisheni iliyo sebuleni pamoja na ruta ipe 5 GHz.

Ruta hugawia kila kifaa anwani ya IP, mara nyingi inayoanza na 192.168. Andika anwani ya ruta yenyewe kwenye kivinjari (iko kwenye kibandiko chini yake) uingie kwenye mipangilio. Hapo, nakusihi, badilisha nenosiri la msimamizi leo hii: mengi ya kiwandani yako wazi mtandaoni. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, kamwe usichague WEP. Wageni wafungulie mtandao wao.

Na kuhusu kasi: kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hupakua megabaiti 2.5 tu kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ina biti 8.