SOMO: NONDO ARUKAYE MCHANA

Mtu akitajiwa nondo hukumbuka mdudu wa usiku azungukaye taa. Hata hivyo, wapo nondo watafutao riziki yao juani. Mmoja wao ni yule ambaye wataalamu humwita Cephonodes hylas, apatikanaye Afrika na Asia. Mkulima wa Picha ya Ndege au wa Kisarawe akimwona amesimama hewani mbele ya ua, huenda akadhani ni ndege chozi au nyuki mkubwa.

Umbo lake

Mwili wake ni mnene, wa rangi ya kijani na manjano, wenye mkanda wa hudhurungi tumboni. Mabawa yakitandazwa hufikia sentimita 5 hadi 7. Atokapo katika ganda lake, mabawa huwa yamefunikwa na vigamba vidogo. Arukapo mara ya kwanza vigamba hivyo hupukutika, na mabawa hubaki maangavu kama kioo. Hana mwiba. Mdomo wake ni mrija mrefu, ambao huukunjua na kufyonza maji matamu ya ua pasipo kutua.

Maisha yake

Jike hutaga mayai juu ya majani ya mimea ya jamii ya mbuni, kama vile mbuni wenyewe na mviru. Yai hutoa kiwavi mwenye pembe upande wa nyuma. Pembe hiyo hutisha, lakini haichomi. Kiwavi hula majani hadi afikie sentimita 6 hivi, kisha hushuka chini, akajificha penye majani makavu au udongoni, na humo hugeuka kuwa nondo.

Hasara na faida

Katika shamba la kahawa kiwavi huyu aweza kuharibu majani. Wakiwa wachache, yatosha kuwaokota kwa mkono. Mikorosho, minazi na mihogo si chakula chake. Kiwavi mwenye pembe aonekanaye katika viazi vitamu ni wa ukoo wake, lakini ni wa aina nyingine, na nondo wake huruka jioni na usiku.

Nondo mwenyewe hubeba chavua kutoka ua hadi ua. Sumu haichagui: ikipulizwa mchana juu ya maua, huwaua pia nyuki na nondo, ambao husaidia mimea kuzaa. Na dawa iliyochukuliwa kwa mkopo hulipwa kwa mazao ya mwanachama, iwe ilihitajika au haikuhitajika.

Wajibu wa chama

Kabla ya kuagiza dawa, katibu ahimize mdudu aletwe ofisini ndani ya chupa, pamoja na jani alilokuwa akilila, ili bwana shamba amtambue. Ikilazimu kupuliza, wakati ufaao ni ule ambao wadudu wa maua wametulia.

Maswali ya majadiliano

1. Nondo huyu hutofautianaje na nyuki?
2. Kwa nini jani liletwe pamoja na kiwavi?
3. Ni nani alipaye gharama ya dawa isiyohitajika?