Neno PIGA na Wenzake

Watoto wengi wa Masasi na Newala husikia nyumbani Kimakua, Kiyao au Kimakonde pamoja na Kiswahili. Basi yawapasa kujihadhari na maneno yaliyo mepesi kutamka, lakini yenye maana nyingi. Mojawapo ni neno piga.

Piga likiwa peke yake maana yake ni kutia pigo, kama mtu ampigavyo nyoka kwa fimbo. Lakini likipata mwenzake, maana hugeuka. Apigaye hodi haudhuru mlango, bali aomba ruhusa ya kuingia. Apigaye mbio hampigi mtu, bali akimbia. Kwa hiyo usimwache mwenzake nyuma. Ukimwandikia mama yako, “Jana nilipigwa,” nawe umekusudia kusema, “Jana nilipigwa picha,” mama atalia bure.

Mara nyingine yule mwenzake hutuonyesha mambo ya kale. Simu ni neno la Kiajemi, maana yake waya. Mwaka 1879 waya wa simu uliopita chini ya bahari ulifika Unguja. Siku zile mpeleka habari hakusema kwa mdomo, bali aligonga chombo kwa kidole. Leo watu husemezana kwa simu za mkononi zisizo na waya, lakini jina la waya lingaliko, na piga lingaliko.

Kura ni neno la Kiarabu. Zamani watu walipiga kura ili bahati iamue nani apate fungu hili na nani lile. Baadaye neno hilo lilitumiwa kwa uchaguzi pia. Katika Tanganyika uchaguzi mkuu wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika mwaka 1958 na 1959. Maana zote mbili zatumika hata leo, lakini hazifanani. Katika ile ya kwanza mtu hungoja bahati. Katika ya pili hutumia akili yake. Amchaguaye kiongozi kwa kubahatisha amezichanganya maana hizo mbili, na hasara yake ni ya nchi nzima.

Mazoezi
1. Apigaye hodi ataka nini?
2. Eleza tofauti ya kura ya bahati na kura ya uchaguzi.
3. Tunga sentensi kwa maneno haya: piga magoti, piga pasi, piga mbiu.
4. Katika lugha ya kwenu, “piga hodi” husemwaje? Je, neno la kupiga limo?