SOMO LA VIKUNDI: Je, Tununue Kochi Lililotumika?



Juzi tulipomaliza mkutano wa kikundi kimoja upande wa Njoro, mama mmoja alitushika mkono akatuvuta kando. Hakutaka wenzake wasikie. "Mwalimu," alisema, "kuna mtu anauza viti vya sofa pale Nakuru mjini. Vya watu watano. Anahama, kwa hivyo anataka elfu kumi na nne tu. Unaonaje, nichukue?" Akatutolea simu tuone picha. Viti vilikuwa vya rangi ya damu ya mzee, vimefunikwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, na kwa kweli vilipendeza.

Katika masomo haya tumezoea kuongea habari ya ng'ombe wa maziwa, matangi ya maji na daftari za hesabu. Kochi hatujawahi kuligusa. Lakini hatukuweza kumjibu mama huyu pale pale, na tukiwa njiani kurudi tuliona kwamba swali lake ni somo zima. Basi someni pamoja kikundini, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, na mahali mnapotaka kubishana, simameni mbishane.

Tusimcheke anayetaka kochi

Kuna watu, hasa wale ambao tayari wana makochi, husema kwamba mtu wa kijijini anayenunua kochi anajitia makuu. Sisi hatukubali. Nyumbani kunakuja wageni wa kuposa, kunakuja watu wa matanga, kunakuja mkutano wa kikundi chenyewe. Mwenye nyumba anayeazima mabenchi kila mara anachoka. Mzee mwenye maumivu ya mgongo hawezi kukaa kwenye kigoda saa tatu. Mtoto naye akipata mahali pazuri pa kukaa jioni asome, hiyo ni faida. Kwa hivyo kutaka kiti kizuri si dhambi, wala si upumbavu.

Shida yaanzia kwenye swali la pili: pesa ni za nani?

Kochi lililonunuliwa na kuku

Miaka michache iliyopita, katika kikundi ambacho hatutakitaja, mwanachama aliomba mkopo wa shilingi 20,000 ili aanze kufuga kuku wa mayai. Kikundi kilikubali. Alitakiwa kulipa 2,200 kila mwezi kwa miezi 10, yaani pamoja na faida arudishe 22,000. Wadhamini walikuwa wanne. Kuku hawakuonekana. Kilichoonekana ni kochi, la mitumba, limepakiwa juu ya pikapu siku ya soko, kila mtu akiona.

Hakuna aliyesema kitu. Huo ndio ugonjwa wa vikundi vyetu: tunaona, tunanyamaza, halafu tunakuja kupiga kelele deni likishaoza. Mama huyo alilipa miezi mitatu kutoka kwenye vibarua vya shamba, akashindwa. Kuku wangetaga, mayai yangeuzwa, na mkopo ungejilipa pole pole. Kochi halitagi. Lilikaa pale sebuleni likizeeka, na deni lilibaki 15,400.

Mwishowe wanachama walikwenda wakalibeba kochi. Sisi tulikuwepo, tena tulishika kalamu tukaandika kwenye daftari, na hadi leo jambo hilo hatujalisahau, kwa sababu watoto walikuwa wamesimama mlangoni wakitutazama. Kochi liliuzwa kwa mwanachama mwingine kwa 9,000. Zilibaki 6,400, na wale wadhamini wanne kila mmoja akatoa 1,600 kutoka mfukoni mwake. Mwenye deni hakurudi kikundini tena.

Wala hapo hadithi haikuisha. Yule aliyelinunua alifurahi kwa wiki mbili. Wiki ya tatu watoto wake walianza kujikuna usiku. Akafikiri ni mbu, kumbe kochi lilikuwa na kunguni tangu lilipotoka mjini. Kutoka kwenye kochi wakaingia vitandani. Kikundi kilipokwenda kukutana kwake, watu wakaanza kusema ati wanapendelea kukaa chini ya mti.

Hebu tuseme wazi jambo moja kuhusu kuchukua vyombo vya mtu. Sheria ya Kenya ya kesi za madai, kifungu cha 44, husema kwamba hata mahakama ikiamuru mali ya mdaiwa ikamatwe, sufuria za kupikia, vitanda na matandiko ya lazima havichukuliwi. Kochi halikutajwa miongoni mwa vitu hivyo, kwa hivyo kochi laweza kwenda. Lakini kazi ya kukamata ni ya dalali mwenye leseni aliyetumwa na amri ya mahakama. Kikundi kikiingia nyumbani kwa mtu kwa nguvu na kubeba, chenyewe chaweza kugeuka mshtakiwa. Afadhali katiba ya kikundi iseme mapema deni litafuatwa vipi, na wadhamini waulizwe kabla, si baada.

Maoni yetu basi ni haya. Kochi linunuliwe kwa akiba, au kwa zamu yako ya mchango wa mzunguko ikiwa karo na mbegu zimeshawekwa kando. Lisinunuliwe kwa mkopo wa kikundi. Kama kikundi chenu kina mkopo maalumu wa vyombo vya nyumbani, sawa, lakini uitwe kwa jina lake, usivishwe manyoya ya kuku.

Bei ya kochi si bei ya kochi

Turudi kwa mama wa Njoro. Tulikaa naye tukapiga hesabu kwenye karatasi. Bei hizi ni za mfano. Kwenu uliza upya.

Kochi ni 14,000. Pikapu ya kulileta, 2,500. Vijana wa kupakia na kushusha, 300. Hapo ni 16,800, na kama viti ni vizima kweli, amepata kitu cha bei nzuri. Lakini kama sponji zimelala na kitambaa kimechakaa? Sponji 5 kwa 900 ni 4,500. Kitambaa mita 15 kwa 350 ni 5,250. Fundi wa kuvisha, 3,000. Sasa tumefika 29,550. Fundi wa pale pale kijijini kwao alikuwa amemwambia atamtengenezea vipya kwa 31,000, mbao zikiwa zake fundi, na alipwe kidogo kidogo kazi ikiendelea. Tofauti ni 1,450 tu!

Mama alitazama karatasi kwa muda mrefu. "Kumbe nilikuwa ninanunua kitambaa cha juu," alisema.

Ndiyo maana tunasema uamuzi mzima umo ndani ya sponji na mbao. Rangi isikudanganye, na vile vitambaa vyeupe vya kufunikia ndivyo vya kuondoa kwanza.

Namna ya kulikagua

Nenda mchana, si jioni. Nenda na mtu mwingine, na tochi, na kipande cha kamba. Usitume pesa kwa simu kabla hujafika, hata kama mwenye kuuza anasema kuna mteja mwingine njiani. Huyo mteja mwingine yuko njiani kila siku.

Kaa kwenye kila kiti, si kimoja. Bonyeza mto kwa goti kisha uondoe. Sponji nzuri hurudi juu mara moja. Iliyokufa hubaki na shimo la goti lako. Kisha shika kochi refu pembe moja ya mbele, uiinue kama shubiri moja. Mguu wa mbele wa upande wa pili unatakiwa uinuke nao karibu wakati huo huo. Kama huu uko juu na ule bado umekaa chini, fremu imelegea au imevunjika ndani, na hiyo hairekebishwi kwa msumari mmoja. Tikisa mikono ya kiti. Ikilia, uliza viungo vimeshikwa na nini: gundi na skrubu, au misumari mitupu?

Sasa lipindue. Hapa ndipo wengi huona haya. Usione haya, ni pesa yako. Chini kuna kitambaa chembamba cheusi; omba kifunguliwe upande mmoja. Mulika ndani. Utaona mbao zenyewe, mikanda ya raba na springi. Angalia kama mikanda imekatika, na kama mbao zina vitundu vidogo. Gonga kwa kidole. Unga laini ukimwagika kutoka kwenye vitundu, kuna wadudu wanaokula mbao na bado wako kazini. Liache kochi hilo, kwa maana wadudu hao hawachagui. Watakwenda hadi kwenye fremu za milango yako.

Kisha tafuta kunguni. Mkubwa ana ukubwa wa punje ya kamande, bapa, rangi ya kahawia nyekundu. Mchana hujificha, kwa hivyo usimtafute yeye tu, tafuta alama zake: madoa meusi kama ya wino wa kalamu kwenye mishono, maganda mepesi aliyoyavua, na vijiyai vyeupe kwenye nyufa na matundu ya skrubu. Pitisha ukingo wa karatasi ngumu ndani ya mishono uone kinachotoka. Kochi lililokaa stoo miezi miwili si salama kwa sababu hiyo peke yake, kwani kunguni anaweza kuishi miezi kadhaa bila kunywa damu.

Ile kamba ni ya nini? Ni ya mlango. Kabla ya kuondoka nyumbani, pima upana wa mlango wako ufunge fundo, na ukuta ambapo kochi litakaa ufunge fundo la pili. Tumewahi kuona kochi la watu watatu likilala nje siku nne chini ya karatasi ya nailoni, mpaka fundi akaja kung'oa fremu ya mlango. Mwenye nyumba alilipa fundi wa kung'oa na wa kurudisha, na mvua nayo haikungoja.

Mwisho, uliza kochi limetoka wapi. Muuzaji mwaminifu hatachukia ukiomba akuandikie karatasi yenye jina lake, namba ya kitambulisho, bei na tarehe, na jirani mmoja atie sahihi. Kochi la wizi likifuatwa, litafuatwa kwako.

Likishafika nyumbani

Usiliingize ndani siku hiyo hiyo. Liweke barazani. Vua vitambaa vyote vinavyovuka, uvifue kwa maji ya moto sana na uvianike juani. Maji yanayochemka yamwagwe polepole kwenye viungo vya mbao na nyufa, mbali na sponji. Jua peke yake halitoshi, maana kunguni huingia ndani ambako joto halifiki. Mayai huanguliwa kwa wiki moja hadi mbili, kwa hivyo kagua tena kila wiki kwa muda wa mwezi na zaidi. Usimwage petroli wala mafuta ya taa, na dawa ya kunyunyizia mimea shambani isiletwe ndani ya nyumba hata kidogo. Watoto wanalala juu ya kochi hilo wakiweka midomo kwenye kitambaa.

Tena, sponji ya siku hizi hushika moto haraka sana na moshi wake una sumu. Koroboi, mshumaa na jiko viwe mbali nalo. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambapo jiko na kochi vinapigana viwiko, huenda viti vya mbao vyenye mito vya kuondoa vikafaa zaidi, na hilo tunalisema bila kuona aibu.

Zoezi la kikundi

Mkikutana nyumba yenye kochi, mwombeni mwenyeji kwa heshima, mlipindue pamoja mjifunze kwa macho. Asipokubali, msimlazimishe. Kisha kila mmoja aseme: kitu cha mwisho alichonunua cha nyumbani kilitoka pesa gani, na ni nani aliyeulizwa kabla, mume, mke, au hakuna? Msiandike majibu hayo kwenye daftari.

Kuhusu mama wa Njoro, alikwenda Nakuru Jumamosi pamoja na dada yake, tochi na kamba yake ya mafundo mawili. Mwenye kuuza alimkaribisha chai. Lakini alipoomba kochi lipinduliwe, yule bwana alikataa, akasema ati litachafuka. Mama alishukuru kwa chai, akarudi na 14,000 zake, nauli tu ndiyo iliyopotea. Bado anatafuta. Ametuambia akipata lingine twende naye, sisi tushike upande mzito.