Damu ya Mwenye Baridi Yabisi Yatuambia Nini?

Mgonjwa wa baridi yabisi ya viungo huamka asubuhi vidole vikiwa vimevimba na kukakamaa. Katika maradhi haya, kinga ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu huugeukia mwili wenyewe na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Je, damu yaweza kutuonyesha alama za vita hivyo?

Mwaka 1940 Erik Waaler wa Norway alieleza jambo la ajabu. Chembe nyekundu za damu ya kondoo, zilizopakwa kingamwili za sungura, zilipochanganywa na seramu ya mgonjwa zilishikamana mafungu mafungu. Mwaka 1948 Harry Rose na wenzake wa New York walipata matokeo kama hayo, na kipimo kikaitwa Waaler-Rose.

Kiliozishikamanisha ni kingamwili iitwayo fakta ya rumatoidi. Badala ya kunasa vijidudu, hii hunasa kingamwili nyingine. Kwa kawaida huwa ya aina ya IgM, yenye sehemu kumi za kunasia. Ndiyo maana huweza kuunganisha chembe nyingi kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, fakta hiyo huonekana pia kwa baadhi ya wazee wenye afya, na kwa wenye kifua kikuu au homa ya ini aina ya C. Tufanye hesabu. Tuchukue watu 1000, kati yao 10 wakiwa wagonjwa. Tukikadiria kwamba kipimo huwatambua wagonjwa 70 katika 100, tutapata 7. Kikiwakosea watu 5 katika kila 100 wasio wagonjwa, watapatikana wengine wapatao 50. Basi katika watu 57 walioambiwa "ipo", wagonjwa ni 7 tu!

Kipimo cha baadaye, anti-CCP, hutafuta kingamwili dhidi ya protini zenye sitrulini, nacho huwakosea wazima mara chache zaidi. Lakini wapo wagonjwa ambao vipimo vyote viwili haviwatambui. Kwa hiyo damu ni shahidi, wala si hakimu; daktari hana budi kuvichunguza viungo vyenyewe.

Zoezi: Rudia hesabu hiyo kwa watu 1000 waliopelekwa kliniki kwa maumivu ya viungo, 500 wakiwa wagonjwa. Kwa nini jibu limebadilika, ilhali kipimo ni kile kile?