Mshale Husema Nini? Fizikia ya Geji za Gari la Zamani

Katika eneo la Nyegezi, kusini mwa jiji la Mwanza, hupita barabara kuu iendayo Usagara, Misungwi na hatimaye Shinyanga. Miongoni mwa magari yatumiayo barabara hii bado yamo ya zamani, na baadhi yake ni Land Rover za Series III, ambazo zilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Injini za magari haya zimefanyiwa matengenezo mara nyingi. Geji zake, yaani vile vipimo vilivyopangwa mbele ya dereva, aghalabu husahauliwa mpaka siku zinapoleta hasara.

Ichukuliwe kwamba dereva wa gari la namna hiyo anaondoka Nyegezi asubuhi. Mshale wa petroli unaonyesha kwamba tangi limekaribia kujaa. Mshale wa joto nao umepanda juu kuliko ilivyo kawaida. Dereva anafurahi kwa petroli na kuhofu kwa joto. Anasimamisha gari, anasubiri lipoe, kisha ananunua themostati mpya na kuifunga. Joto halishuki. Anaendelea na safari kwa wasiwasi, na kabla hajafika mbali gari linazimika. Tangi ni tupu.

Dereva huyu amepata hasara mbili: ameitibu injini isiyoumwa, na ameishiwa petroli njiani. Lakini kosa lililokuwa katika gari lake lilikuwa moja tu, nalo halikuwa ndani ya injini wala ndani ya tangi. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma Kanuni ya Ohm anaweza kulitafuta na kulipata.

Mshale haupimi petroli

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba geji ya petroli haioni petroli, na geji ya joto haigusi maji. Geji zote mbili hupima kitu kimoja, nacho ni mkondo wa umeme.

Ndani ya geji ya aina hii mna utepe uliotengenezwa kwa metali mbili zilizoshikamanishwa. Metali moja hutanuka zaidi kuliko nyingine inapopata joto, kwa hiyo utepe hupinda. Utepe huo umezungushiwa waya mwembamba. Mkondo wa umeme unapopita katika waya, waya hupata joto, utepe hupinda na kuusukuma mshale. Mkondo ukiwa mkubwa, mshale hupanda sana. Ukiwa mdogo, hupanda kidogo. Usipokuwapo, mshale hulala chini. Kwa kuwa utepe huhitaji muda wa kupata joto, mshale wa geji hii huenda polepole.

Mkondo huo huongozwa na kifaa kilichoko mbali na geji. Hapa kifaa hicho kitaitwa kipelekaji, kwa sababu kazi yake ni kupeleka habari. Kipelekaji cha petroli kimo ndani ya tangi: boya huelea juu ya petroli, na mkono wake huteleza juu ya waya wenye ukinzani. Tangi likijaa ukinzani hupungua. Likiwa tupu huongezeka. Kipelekaji cha joto kimefungwa kwenye injini, na ncha yake huingia ndani ya maji. Ndani yake mna thamista, yaani kitu ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyozidi.

Umeme hutoka katika betri, hupita katika swichi na fyuzi, kisha katika geji, huteremka kwa waya mpaka kwenye kipelekaji, na kurudi katika betri kwa njia ya bodi ya gari, ambayo mafundi huiita ethi. Njia hii yote ni sakiti moja. Ikiharibika mahali popote, mshale hubadilika, hata kama petroli na maji havikubadilika hata kidogo.

Hesabu ya Ohm

Mwaka 1827 mwanasayansi wa Ujerumani, Georg Simon Ohm, alichapisha kanuni inayosema kwamba mkondo ni sawa na volteji ikigawanywa kwa ukinzani. Ili kuitumia hapa, zitumike tarakimu za mfano zinazokaribia zile za magari haya. Volteji ya geji ni volti 10. Ukinzani wa waya wa ndani ya geji ni omu 60. Ukinzani wa kipelekaji cha petroli ni omu 40 tangi likijaa, omu 90 likiwa nusu, na omu 240 likiwa tupu.

Tangi likijaa, ukinzani wote ni 60 na 40, yaani omu 100. Mkondo ni 10 kugawanya kwa 100, sawa na ampea 0.1. Tangi likiwa nusu, ukinzani wote ni omu 150 na mkondo ni ampea 0.067. Likiwa tupu, ukinzani wote ni omu 300 na mkondo ni ampea 0.033.

Sasa ichukuliwe kwamba tangi limejaa, lakini mahali ambapo ethi ya tangi imefungwa pamepata kutu, na kutu hiyo imeongeza ukinzani wa omu 200. Ukinzani wote utakuwa 60, 40 na 200, yaani omu 300. Mkondo utakuwa ampea 0.033, ambao ni mkondo ule ule wa tangi tupu. Geji haina namna ya kupambanua kati ya kutu na ukosefu wa petroli. Imeonyesha mkondo kwa usahihi. Aliyekosea ni mtu aliyedhani kwamba mkondo huo hauwezi kuwa na sababu nyingine.

Kitendawili cha mishale miwili

Dereva wa Nyegezi hakusumbuliwa na kutu. Kutu hupunguza mkondo na kuushusha mshale, na mishale yake ilikuwa imepanda. Zaidi ya hayo, ilipanda yote miwili kwa pamoja. Boya la petroli na thamista ya joto havihusiani, na si rahisi viharibike siku moja kwa namna moja. Kwa hiyo hapana budi kukitafuta kitu kinachotumiwa na geji zote mbili.

Kitu hicho ni kidhibiti volteji. Betri ya gari huwa na volti 12 hivi, na injini ikizunguka volteji hupanda hadi kufikia volti 14. Kama geji ingepewa volteji hiyo moja kwa moja, mshale ungepanda na kushuka kufuatana na mwendo wa injini. Ndiyo sababu nyuma ya geji kimefungwa kikasha kidogo chenye utepe mwingine wa metali mbili, ambao hukata na kuunganisha umeme mara kwa mara, hata wastani wake ukawa volti 10. Ili kifanye kazi hiyo, utepe wake lazima upashwe joto na mkondo unaopita kwenda kwenye ethi kupitia kikasha chenyewe. Skrubu ya kikasha ikilegea au kupata kutu, utepe haupati joto, umeme haukatwi tena, na geji zote mbili hupewa volti 14.

Hesabu ile irudiwe. Tangi likiwa nusu, mkondo utakuwa 14 kugawanya kwa 150, yaani ampea 0.093. Huo umekaribia sana mkondo wa tangi lililojaa. Mshale wa joto nao utapanda kwa sababu hiyo hiyo. Dawa ya gari lile ilikuwa kukwangua kutu na kukaza skrubu moja.

Kinyume chake, kidhibiti kikikatika ndani, mishale yote miwili hulala. Hivyo kanuni ya kwanza ya uchunguzi ni hii: geji zikikosea pamoja, kichunguzwe kile zinachoshirikiana, yaani fyuzi, kidhibiti na ethi yake, geji ikikosea peke yake, ichunguzwe sakiti yake yenyewe.

Utaratibu wa uchunguzi

Geji moja ikikosea, sakiti yake igawanywe sehemu mbili ili ijulikane kosa liko upande upi. Kwa geji za aina iliyoelezwa hapa utaratibu ni huu:

1. Swichi izimwe, na waya uondolewe kwenye kipelekaji. Swichi ikifunguliwa, mshale unapaswa kubaki chini. Ukipanda, waya huo unagusa bodi mahali fulani.

2. Swichi izimwe tena, na waya uliotolewa uunganishwe na bodi ya gari mahali palipokwanguliwa vizuri. Swichi ifunguliwe, na mshale utazamwe. Ukianza kupanda, geji na waya wake ni vizima, na kosa liko kwenye kipelekaji au ethi yake. Mara mshale upitapo nusu swichi izimwe, maana mkondo huu ni mkubwa na ukiachwa waweza kuunguza waya wa ndani ya geji.

3. Mshale usipopanda, kosa liko kwenye waya, kwenye geji au kwenye umeme uingiao katika geji.

4. Ethi ya tangi ichunguzwe kwa kuunganisha waya wa ziada kati ya kipelekaji na bodi. Mshale ukirudi mahali pake, ugonjwa ulikuwa kutu.

Tahadhari mbili ni za lazima. Mvuke wa petroli hulipuka kwa cheche ndogo. Kwa hiyo waya usigusishwe na bodi karibu na tangi wakati swichi imefunguliwa, na kipelekaji kisifunguliwe kabla ya kutoa waya wa betri. Pia mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa na moto. Tena, yako magari mengine ambayo ukinzani wa kipelekaji hupanda tangi linapojaa. Kwa magari hayo matokeo hugeuka kinyume, hivyo kitabu cha gari kisomwe kwanza.

Kosa linalofanana na usalama

Waya uliokatika huushusha mshale wa petroli na kumwambia dereva kwamba tangi ni tupu. Dereva hutazama ndani ya tangi, na hasara ni ndogo. Lakini waya wa geji ya joto ukikatika, mshale hulala upande wa baridi na kumwambia dereva kwamba injini imepoa. Kosa ni lile lile, ila hili humtuliza mtu anayepaswa kushtuka.

Liko jambo la hatari zaidi. Maji yakivuja yote, ncha ya kipelekaji hubaki katika hewa na mvuke badala ya maji, na mshale huweza kushuka wakati ule ule injini inapoungua. Mshale uliokuwa juu ukishuka ghafla bila sababu, gari lisimamishwe.

Taa ya oili nayo hufuata kanuni hiyo. Swichi yake huunganisha umeme kanieneo ya oili inapokuwa ndogo, na kuukata inapopanda. Waya ukitoka au balbu ikiungua, taa haiwaki kamwe, na kutowaka kwake hudhaniwa kuwa ni salama. Kwa hiyo kila asubuhi dereva afungue swichi kabla ya kuwasha injini na ahakikishe kwamba taa inawaka. Kadhalika auangalie mshale wa joto ukipanda kutoka baridi hadi mahali pake pa kawaida. Kifaa kisichoonekana kikibadilika hakijathibitisha kwamba ni kizima.

Maji huchemka mapema Nyegezi

Ziwa Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani, na maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 za Selsiasi hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta huzuia jambo hili kwa kuongeza kanieneo. Mfuniko unaoongeza kilopaskali 62 huwezesha maji ya Nyegezi kufika nyuzi 111 hivi kabla ya kuchemka. Mpira wa mfuniko ukichakaa, yatachemka kwenye nyuzi 96. Hapo geji inaweza kuwa nzima kabisa na mshale usifike sehemu ya hatari, huku maji yanachemka. Mshale husema joto tu, hausemi kanieneo.

Jaribio na maswali

Shule yenye kipima ukinzani na kipimajoto yaweza kutumia kipelekaji cha joto cha zamani kutoka gereji. Ncha yake itumbukizwe katika maji, maji yapashwe moto polepole, na ukinzani uandikwe kila baada ya nyuzi 10. Wanafunzi wachore grafu, kisha wajibu:

1. Je, grafu ni mstari ulionyooka? Eleza.

2. Kwa kutumia tarakimu za mfano, tafuta mkondo ikiwa tangi ni nusu na kutu ya ethi ina ukinzani wa omu 90. Dereva atadhani tangi lina kiasi gani?

3. Mshale wa petroli umelala, lakini wa joto unafanya kazi sawasawa. Kwa nini si lazima kuchunguza kidhibiti volteji kwanza?