Maji ya Kukatia Chuma Yapimwe, Yasikisiwe

Mafundi wa Kongo kule Kawangware na wa Kibera wanaotumia lethi, yaani mashine ya kukereza chuma, wanayajua yale maji meupe kama maziwa yanayomiminika juu ya kisu. Ni mafuta maalum yaliyochanganywa na maji. Maji hupoza, mafuta hulainisha na kuzuia kutu.

Yakiwa mepesi mno, chuma hushika kutu, kisu huisha upesi, na vijidudu huzaana hata tangi likanuka. Yakiwa mazito mno, pesa zinapotea, povu na moshi huzidi, na ngozi ya mikono huwasha na kupasuka. Fundi mwenye mikono mibovu atalisha watoto na nini? Basi tujifunze kupima.

KUCHANGANYA. Kazi nyingi za kukereza hutaka karibu asilimia 5, lakini kwanza soma maandishi ya mkebe. Kwa mtungi wa lita 20, tia maji safi lita 19, halafu mimina mafuta lita 1 polepole huku ukikoroga. Maji kwanza, mafuta baadaye. Ukigeuza, hayatashikana vizuri.

KUONGEZA. Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme tangi la lita 40 lina asilimia 5, yaani mafuta lita 2. Joto likikausha maji lita 10, mafuta yanabaki yale yale, na sasa ni karibu asilimia 7. Lakini vipande vya chuma navyo huondoka na mafuta, na ukiongeza maji matupu kila siku, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Kwa macho hutajua.

KUPIMA. Refraktomita ni kifaa kidogo cha mkononi. Weka tone moja juu ya kioo chake, tazama penye mwanga, soma namba. Zidisha kwa namba ya mafuta hayo, muulize muuzaji. Ukisoma 3 na namba ya mafuta ni 1.5, una asilimia 4.5. Karakana kadhaa zaweza kuchanga zinunue kimoja.

Yakioza, msiyamwage mtaroni. Mitaro ya Kibera huishia Bwawa la Nairobi. Yawekeni kwenye pipa, mtafute mwenye leseni ya kuchukua taka za mafuta.

YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI: Tangi letu ni la lita ngapi? Nani huongeza maji, na nani hupima? Kipimo cha Jumatatu kimeandikwa wapi?